Peng Dehuai: jenerali aliyemwandikia Mao kuhusu njaa (uzi mrefu)

#1

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa jeshi la China ukifunguliwa humu, majina ni yale yale: Mao, Zhu De, Lin Biao. Peng Dehuai hutajwa kwa mstari mmoja, kwamba ndiye aliyeongoza Wachina kwenye vita vya Korea, basi. Nimemsoma huyu mzee kwa muda mrefu na kila nikimrudia naumia upya. Leo naomba nimweleze kwa kirefu, mnivumilie.

Alizaliwa Oktoba 1898 wilaya ya Xiangtan, mkoa wa Hunan, wilaya ile ile aliyotoka Mao. Tofauti ni kwamba Mao alikuwa mtoto wa mkulima mwenye nafasi, Peng alikulia kwenye dhiki. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, baba alikuwa mgonjwa, na shule aliiacha baada ya kama miaka miwili. Alikuja kueleza mwenyewe kwamba sikukuu moja ya mwaka mpya, majirani wakisherehekea, yeye na mdogo wake walitoka kwenda kuomba chakula mlango kwa mlango. Kesho yake bibi yao alitaka kuwapeleka tena. Peng akagoma. Bibi akaondoka na wajukuu wadogo, mkongojo mkononi, akitembea kwa shida kwa sababu miguu yake ilikuwa imefungwa tangu utotoni kama walivyofanyiwa wanawake wa Kichina zamani zile. Peng akaenda mlimani kukata kuni akauza. Jioni bibi aliporudi na wali wa kuomba, kijana alikataa kuula.

Nashikilia kisa hicho kwa sababu ukikiacha huwezi kuelewa alichokifanya miaka hamsini baadaye.

Alichunga ng'ombe, akafanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe, akabeba udongo kwenye matuta ya ziwa Dongting. Mwaka wa ukame alishiriki kuvamia ghala la tajiri aliyeficha nafaka, ikabidi akimbie. Mwaka 1916 akajiunga na jeshi la mkoa wa Hunan, jeshi la wababe wa vita, kwa ajili ya mshahara tu. Akapanda, akasoma chuo cha kijeshi cha Hunan, akafika kuwa kamanda wa rejimenti. Aprili 1928 akajiunga kwa siri na Chama cha Kikomunisti, wakati Chiang Kai-shek, mkuu wa chama tawala cha Kuomintang, alikuwa anawaua wakomunisti popote anapowakuta. Miezi mitatu baadaye, Julai 1928, aliongoza uasi wa Pingjiang, na mwisho wa mwaka akapanda milima ya Jinggang kuungana na Mao na Zhu De.

Tazameni hapo. Kamanda wa rejimenti mwenye mshahara na heshima zake, anaacha vyote anakwenda kulala msituni na watu wanaosakwa. Wengi walijiunga baadaye upepo ulipogeuka.

Sehemu ya pili nashusha jioni.

#2

Asante mkuu, leta mambo. Binafsi nilidhani alitoka moja kwa moja Korea.

#3 (mleta uzi)

Tuendelee.

Kwenye Matembezi Marefu ya 1934 na 1935, wakomunisti walipokimbia kutoka kusini hadi kaskazini, alikuwa anaongoza Kundi la Tatu la Jeshi Jekundu, yaani jeshi la wakomunisti, moja ya nguzo mbili za mapigano pamoja na la Lin Biao. Walipofika kaskazini mwa Shaanxi, Oktoba 1935, wapanda farasi wa adui walikuwa bado wanawafuata kwa nyuma. Peng akawageuzia kibao akawapiga. Mao alifurahi akamwandikia shairi fupi la kumsifu kama jemadari asiye na mfano. Peng alilisoma, akafuta jina lake kwenye mstari wa mwisho, akaandika kwamba sifa ni za Jeshi Jekundu, akalirudisha. Huyo ndiye Peng.

Vita dhidi ya Wajapani alikuwa naibu kamanda wa Jeshi la Njia ya Nane, jina jipya la jeshi la wakomunisti. Agosti 1940 alianzisha mashambulizi yanayoitwa ya Rejimenti Mia Moja, wakakata reli na kulipua madaraja kaskazini mwa China. Idadi kamili ya rejimenti ilikuja kufika 105. Wajapani walilipiza kwa unyama: kuua wote, kuchoma vyote, kupora vyote. Mwaka huo huo wadogo zake wawili waliuawa kule Hunan na watu wa Kuomintang.

Mwaka 1947 alipewa kazi ambayo wengine wangeikwepa: kulinda eneo la Yan'an, makao ya wakomunisti, akiwa na wanajeshi elfu ishirini na kitu dhidi ya jeshi la Hu Zongnan, jenerali wa Kuomintang, lililozidi laki mbili. Yan'an wakaiacha makusudi tarehe 19 Machi. Halafu ndani ya wiki sita hivi akampiga Hu mara tatu, Qinghuabian, Yangmahe na Panlong, kila mara akichagua kipande kimoja kilichojitenga na kukimaliza kabla wenzake hawajafika. Pale Panlong ndipo ilipokuwa bohari, wakabeba unga, sare na risasi. Mwaka 1949 aliteka Lanzhou na njia ya kwenda Xinjiang ikafunguka.

Sasa Korea. Mwanzoni mwa Oktoba 1950 alikuwa Xi'an akipanga maendeleo ya kaskazini magharibi. Ndege ikatumwa kumchukua, hakuambiwa ni ya nini. Anaingia kikaoni Beijing anakuta wakubwa wanabishana kama waingie Korea au la. Lin Biao hakutaka, na akasema afya haimruhusu kuongoza. Usiku ule Peng hakupata usingizi. Inaelezwa kwamba aliona kitanda cha hoteli ni laini mno akahamia chini kwenye zulia, na bado usingizi haukuja. Kesho yake akasema waende. Tarehe 8 akateuliwa kamanda wa Jeshi la Kujitolea, tarehe 19 akavuka mto Yalu akiwa na wasaidizi wachache na redio moja, mbele ya askari wake wengi, bila kujua Kim Il Sung, kiongozi wa Korea Kaskazini, yuko wapi hasa.

Wengi humu hupenda kusimulia jinsi Wachina walivyowarudisha Wamarekani kutoka karibu na Yalu hadi kusini ya Seoul, na ni kweli, Seoul iliangukia mikononi mwao tarehe 4 Januari 1951. Mimi huwa nauliza askari wale walikula nini. Ndege za Marekani zilitawala anga, malori yalichomwa barabarani, kuwasha moto kupika ni kujiitia kifo. Kwa hiyo askari alibeba unga uliokaangwa kwenye mfuko wa kitambaa unaofungwa begani. Akisikia njaa anachota konzi, anatia mdomoni, anaokota theluji anashushia. Kwenye ziwa Chosin kuna vikosi vilivyotoka mashariki mwa China kwenye joto, sare zao hazikuwa za baridi ile, watu waliganda wakiwa wamelala kwenye nafasi zao na bunduki zao mkononi.

Peng aliyaona hayo. Ndiyo maana baada ya Seoul, Kim Il Sung na balozi wa Kisovieti walipotaka wakimbize adui hadi baharini, alikataa katakata. Alijua askari wake hawana viatu wala chakula. Februari 1951 alipanda ndege hadi Beijing, akaambiwa Mwenyekiti amelala, na inasimuliwa kwamba hakusubiri, akaingia hivyo hivyo. Akamweleza Mao uso kwa uso kwamba vita hivi havimaliziki haraka. Mao akamjibu kwa maana hii: ukiweza kushinda haraka, shinda haraka, usipoweza, shinda polepole. Hata hivyo mashambulizi ya Aprili na Mei mwaka ule yalikwenda vibaya sana, divisheni ya 180 ikazingirwa ikasambaratika, na Peng mwenyewe alikuja kulihesabu hilo kama moja ya makosa yake makubwa.

Kuna na lile la Mao Anying, mtoto mkubwa wa Mao, aliyekuwa makao makuu ya Peng kama mkalimani wa Kirusi. Tarehe 25 Novemba 1950 ndege zikaja, zikamwaga mabomu ya moto, kijana akafia ndani ya kibanda akiwa na miaka 28. Peng alishauri azikwe Korea kama askari wengine, na ndiko alikozikwa. Kuna wanaosema Mao hakumsamehe kwa hilo. Mimi siamini kwamba Lushan, mkutano wa 1959 ulipomwangusha Peng, ilikuwa kisasi cha mtoto, nitaeleza.

#4

Mkuu unamsifia sana. Huyu mtu wako naye alikuwa na mkono mzito. Mwaka 1958 ni yeye aliyemshughulikia Su Yu, jenerali bora kuliko wote, akaondolewa kwenye Unadhimu Mkuu kwa tuhuma za ajabu ajabu. Hilo mbona hulisemi?

#5 (mleta uzi)

Umesema kweli na lazima lisemwe. Kwenye mkutano mpana wa Tume ya Kijeshi wa 1958, Su Yu na Liu Bocheng walisimamishwa mbele ya wenzao wajikosoe, eti wanafuata vitabu vya Kisovieti bila akili. Liu Bocheng alikuwa mzee, jicho moja limepofuka, mgonjwa, akapandishwa jukwaani. Mkutano ule ulitoka kwa Mao, lakini Peng alikuwa Waziri wa Ulinzi na alikuwa na msukumo wake mwenyewe hasa kwa Su Yu. Alikuwa na hasira za karibu na ulimi usiochuja, na watu aliowafokea miaka yote hawakumsahau. Lushan ilipofika wengi walikuwa na deni la kumlipa.

Ila angalia upande wa pili wa uwaziri wake. Aliupata mwaka 1954, mwaka uliofuata akawa mmoja wa wanajeshi kumi waliopewa cheo cha Marshali, wa pili baada ya Zhu De. Ndiye aliyelipatia jeshi sheria ya kuandikisha vijana, vyeo, mishahara, mafunzo yenye mpangilio. Ikulu ya Zhongnanhai walipokusanya wasichana wa kikundi cha ngoma kuja kucheza na viongozi, yeye ndiye aliyesimama kupinga hadharani. Walipotaka kuweka sanamu ya Mao kwenye jumba la makumbusho ya jeshi alikataa, akasema kinachowekwa leo kitaondolewa kesho. Kuabudiwa kwa mtu hakukumwingia akilini, na Mao alikuwa anayasikia yote hayo.

#6

Tufike Lushan basi, kiongozi. Sisi wa Nairobi tunangoja.

#7 (mleta uzi)

Haya, Lushan.

Mwaka 1958 Mao alianzisha Mruko Mkubwa, kampeni ya kuikuza China haraka kwa nguvu za umma. Wakulima wakatiwa kwenye komuni, sufuria za nyumbani zikayeyushwa kwenye matanuri ya kijijini kutoa chuma kisichofaa kitu, na kila mkoa ukashindana kutaja mavuno makubwa kuliko mwenzake. Nafaka ya serikali ikakamatwa kwa kufuata tarakimu hizo za uongo.

Mwishoni mwa mwaka huo Peng akaenda kuangalia mwenyewe. Kule Pingjiang, pale pale alipoanzisha uasi miaka 30 nyuma, akaonyeshwa maonyesho ya mavuno. Akachunguza akagundua wamebadilisha: mavuno makubwa ya 1957 yameandikwa kama ya 1958, na madogo ya 1958 yamepelekwa 1957. Kijijini kwao alikuta miti imekatwa kulisha matanuri na wazee wanapewa chakula kisichoshibisha. Na inasimuliwa kwamba askari mmoja wa zamani wa Jeshi Jekundu, mlemavu wa vita, alimpenyezea kikaratasi chenye mistari michache: mpunga umemwagika shambani, majani ya viazi yamekauka, vijana wote wamekwenda kuyeyusha chuma, wanaovuna ni watoto na vikongwe, mwakani tutaishije, tusemee.

Peng alikuwa mtu wa kusema. Kutoka kwenye ziara hiyo alipeleka telegramu Beijing kuomba serikali ipunguze kiasi cha nafaka inachochukua kwa wakulima.

Julai 1959 viongozi wakakutana mlima Lushan, na hapa naomba tusome kwa makini. Mkutano ule uliitwa kurekebisha makosa ya Mruko. Miezi mitatu tu kabla, Mao mwenyewe aliwahimiza makada waige ujasiri wa Hai Rui, ofisa wa enzi ya Ming aliyemkemea mfalme wake. Kwa hiyo Peng hakuvunja mlango, alialikwa. Tarehe 14 Julai akampelekea Mao barua binafsi. Imeanza kwa kutaja mafanikio, imejaa adabu, halafu inasema kumekuwa na kujisifu kupita kiasi na jazba ya watu wa tabaka la mabwanyenye wadogo. Hakumtaja Mao kwa lawama popote.

Tarehe 16 Mao akaamuru barua ichapishwe na kugawiwa kwa wote, juu yake kichwa cha habari alichokiweka yeye. Peng akashtuka, akaomba irudishwe, akisema aliiandika haraka kwa ajili ya macho ya Mwenyekiti. Wapi. Tarehe 23 Mao akasimama akasema kwamba kama serikali inastahili kuanguka atakwenda vijijini kuwaongoza wakulima kuipindua, na Jeshi la Ukombozi lisipomfuata atatafuta Jeshi Jekundu. Hapo wote waliokuwa wameunga mkono barua wakaanza kutafuta mlango wa kutokea. Wachache walibaki: Mnadhimu Mkuu Huang Kecheng, naibu waziri wa mambo ya nje Zhang Wentian, na katibu wa chama wa Hunan Zhou Xiaozhou. Wakaitwa kundi la wapinga chama. Septemba wizara akapewa Lin Biao.

Kuhusu kisasi cha Mao Anying: Mao aligusia kwenye hotuba ile kwamba hana mzao, mmoja ameuawa, mwingine amepatwa na wazimu. Lakini kilichomkera zaidi, kwa mtazamo wangu, ni waziri wa ulinzi kushika kalamu. Profesa angeandika maneno yale yale angetumwa shamba. Aliyeandika alikuwa na jeshi nyuma yake, alikuwa ametoka ziara ya Ulaya Mashariki wiki chache tu kabla na kukutana na Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, na uhusiano na Warusi ulikuwa unachacha. Mao aliunganisha nukta ambazo hazikuwepo.

Na gharama hakuilipa Peng peke yake, hili ndilo linalonifanya niandike uzi huu. Mkutano ulioitwa kupunguza kasi ukageuka kuwa wa kuongeza kasi. Zaidi ya makada milioni tatu walipewa chapa ya ukengeufu wa kulia. Baada ya hapo katibu gani wa wilaya angethubutu kuripoti kwamba watu wake hawana chakula? Mwaka uliofuata, 1960, ndio ulioua kuliko yote. Wanahistoria wanakadiria vifo vya njaa ile nzima kuanzia milioni 15 hadi zaidi ya milioni 40. Barua ingesikilizwa Julai 1959, sehemu kubwa ya watu hao wangeishi.

#8

Zhu De alikuwa wapi? Waziri Mkuu Zhou Enlai je? Walipigana naye miaka thelathini!

#9 (mleta uzi)

Zhu De alijaribu. Alipopewa zamu ya kumkosoa Peng alisema maneno laini, na Mao akainua mguu wake akaukuna kiatu kwa nje, kuonyesha kwamba ukosoaji ule haufiki kwenye ngozi. Mzee Zhu akanyamaza. Zhou Enlai na Liu Shaoqi, aliyekuwa mkuu wa nchi, walimgeuka moja kwa moja, na Liu alikuja kufia kizuizini miaka kumi baadaye bila wa kumtetea. Siwaelewi hadi leo, na sitajifanya nawaelewa. Peng naye hakuwa kondoo. Alifoka pale kikaoni kwamba kwenye vikao vya Yan'an mlinitukana siku 40, leo mimi siku 20 haziruhusiwi?

Akarudisha sare ya Marshali na nishani, akahamia nyumba chakavu pembezoni mwa Beijing, kijiji cha Guajiatun. Huko akafanya jambo ninalolipenda kuliko ushindi wake wote wa vitani. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba ekari inaweza kutoa maelfu na maelfu ya kilo za ngano. Peng akachukua kipande kidogo, mita za mraba kama 67, akakilima mwenyewe, akatia mbolea, akapalilia, akafukuza ndege. Wakati wa mavuno akapata karibu kilo 45. Kwa uangalizi wote ule, shamba bora kabisa halikaribii hata kidogo tarakimu zilizochapishwa. Marshali wa China, ameinama kwenye kipande cha ngano, anatafuta ukweli kwa jembe.

Mwaka 1962 aliandika utetezi wa herufi 80,000. Ukamletea balaa jipya. Septemba 1965 Mao akamwita, wakala pamoja, akamwambia huenda ukweli uko upande wako, akampeleka Chengdu kwenye ujenzi wa viwanda vya ndani ya nchi. Mwezi huo huo wa Novemba aliofika Chengdu, Shanghai likachapishwa shambulio dhidi ya mchezo wa kuigiza wa Hai Rui, na Desemba Mao akasema Peng ndiye Hai Rui. Mwisho wa 1966 Walinzi Wekundu, vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, wakamkamata wakamrudisha Beijing. Julai 1967 alipigwa kikaoni hadi mbavu zikavunjika.

Alifariki tarehe 29 Novemba 1974 kwa saratani, hospitalini, chini ya ulinzi, kwenye chumba ambacho vioo vya dirisha vilibandikwa karatasi. Mwili ulichomwa kwa jina la kubuni: Wang Chuan, umri miaka 32, mkazi wa Chengdu. Alikuwa na miaka 76.

#10

Daah. Nimeshindwa kuendelea kula. Alisafishwa jina lini? Na hawa majenerali wa sasa wanaofukuzwa, waliokuwa mawaziri wa ulinzi Li Shangfu na Wei Fenghe, ni mambo yale yale?

#11 (mleta uzi)

Desemba 1978. Ibada ya kumbukumbu ilifanyika tarehe 24, Deng Xiaoping akasoma wasifu. Deng ambaye hakuwepo Lushan kwa sababu alikuwa amevunjika mguu.

Maandishi yake yalipona kwa sababu ya mpwa wake, binti wa mmoja wa wale wadogo zake waliouawa 1940, aliyeyaficha miaka yote ya Mapinduzi ya Utamaduni wakati mke wa Peng alikuwa amelazimika kuachana naye. Bila yule binti tusingejua habari za bibi na wali wa kuomba. Peng hakuwa na mtoto.

Kuhusu Li na Wei, walifukuzwa chamani Juni 2024 kwa tuhuma za rushwa, hongo na kuuza vyeo. Sioni ulinganisho zaidi ya cheo. Peng alipokaguliwa hawakukuta mali. Alikuwa anarudisha zawadi na alikataa nyongeza za posho. Kosa lake lote lilikuwa kwenye kurasa chache alizoandika kwa mkono.

Mkuu wa #4, kuhusu Su Yu nakuomba ufungue uzi wake, anastahili. Mimi nitaleta wa Huang Kecheng, yule Mnadhimu Mkuu aliyeanguka na Peng. Aliteseka kuliko inavyoelezeka, halafu mwaka 1980, China nzima ikiwa inataka kumzika Mao, akasimama kumtetea asifutwe kwenye historia. Nimejaribu kumwelewa mara nyingi. Mwenye kitabu au makala yoyote kuhusu yeye ashushe hapa chini kabla sijaanza kuandika.